Nyumba Kwanza, Masomo Baadaye

Baada ya arusi yetu, mimi na mume wangu hatukuwa na mahali pa kwenda pamoja. Yeye alikuwa kibarua kiwandani Athi River, na alilala chumba kimoja na kaka yake. Mimi nilifanya usafi katika hospitali ya misheni, nikiishi kwa shangazi yangu Machakos mjini. Nililala sebuleni na watoto wake, na kila asubuhi ilibidi niwahi kuondoa godoro kabla mume wa shangazi hajatoka kunywa chai. Tulionana Jumapili kama wachumba, na jioni kila mtu akarudi kwake. Watu walitutania. Nasi tulicheka, ingawa mimi kicheko kilikuwa kimeanza kunikauka.

Mwisho wa mwaka huo, sista aliyesimamia wauguzi aliniita ofisini. Alikuwa ameniona mara nyingi nikisaidia kugeuza wagonjwa kitandani bila kuombwa. Akaniambia kwamba alikuwa amenitafutia nafasi katika shule ya uuguzi ya hospitali, mradi nilipe karo ya muhula wa kwanza Januari na nihamie bwenini. Mshahara wangu ungekoma hapo.

Nilimpelekea mume wangu habari hiyo Jumapili, tukiwa kwenye kibanda cha chai karibu na steji ya matatu. Tukaanza kuhesabu kwa vidole: kodi, makaa, mafuta ya taa, unga, nauli yake ya kwenda kazini na kurudi. Akiba yetu ingetosha nyumba, au ingetosha karo. Tulijaribu kuhesabu upya, tukapunguza hata sukari, na jibu likabaki lile lile.

"Si tungoje nyumba?" akasema. "Mimi niendelee kukaa na ndugu yangu, wewe uingie shule. Nyumba haitoroki."

"Na shule inatoroka?" nikamwuliza. "Nimechoka kulala kwa watu. Tuchukue nyumba sasa, shule nisubiri mwaka mmoja."

"Uko na hakika?"

"Niko na hakika."

Akamaliza chai yake. Nadhani naye alikuwa amechoka kuagana.

Tulipata chumba kimoja chenye baraza, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga iliyokuwa na bomba la maji uani. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi ya kijani siku chache tu kabla hatujaingia, na wiki nzima nguo zetu zilinuka rangi. Siwezi kusema uongo: nilikuwa na furaha. Nilifagia sakafu ile hata ilipokuwa safi.

Mama yangu alikuja kutoka Muthetheni kutuona, amebeba muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe. Habari za shule alikuwa nazo, lakini nilikuwa sijamwambia kuwa nimeiahirisha. Nilimweleza tukichambua maharagwe, naye akaendelea kuchambua. Alikula, akasifu rangi ya ukuta, akamwombea mume wangu. Nilipomsindikiza ndipo akasema, "Nyumba ni nzuri, mwanangu. Lakini mimi nilikuwa nimeshawaambia watu wa kanisa kwamba unasomea uuguzi."

Nilimwambia tu, nikimwita mama kwa Kikamba, "Ni mwaka ujao, mwaitu."

Mwaka huo mvua haikunyesha. Bomba la uani likakauka, tukawa tunanunua maji kwa wenye mikokoteni, na kila wiki mtungi ulipanda bei. Maji hatukuwa tumeyahesabu pale kibandani. Wala wageni hatukuwahesabu. Jamaa za mume wangu walitoka Ndithini kuleta wagonjwa hospitalini, na kwa kuwa sasa tulikuwa na nyumba, walilala kwetu. Nani angewafukuza? Walikula nasi, na walipoondoka tuliwatafutia nauli. Hata hivyo, kila mwisho wa mwezi mume wangu alitenga kidogo kwa ajili ya karo yangu, hata ikimbidi arudi sehemu ya njia kwa miguu.

Kisha kiwanda kikapunguza vibarua. Alikaa nyumbani tangu Septemba hadi karibu Krismasi, akitoka kila asubuhi kutafuta kazi za ujenzi na kurudi na vumbi tu. Tulilipa kodi kwa pesa za karo. Hatukugombana hata mara moja juu ya jambo hilo, na mpaka leo natamani tungegombana.

Januari nilikwenda kwa sista vilevile. Nilitaka kumwomba aniruhusu kulipa kidogo kidogo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nafasi yako tulimpa mtu mwingine mwaka jana," akasema. "Na sasa shule inataka alama za juu kuliko zako. Wakati ule ningeweza kukusemea. Sasa siwezi."

Nilirudi kupiga deki. Miezi michache baadaye nilipata mimba, na mtoto alipozaliwa niliacha kazi, nikaanza kuuza nguo za mitumba sokoni. Mume wangu alipata kazi ya kudumu baadaye. Hatujawahi kulala njaa, na ni mtu mwema. Kwa hiyo sijui nimlaumu nani, na hilo ndilo huniumiza zaidi.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza, mama aliugua, akalazwa katika hospitali ile ile. Wauguzi walipokuja kumhudumia walivuta pazia.

"Tafadhali subiri nje, mama," mmoja akaniambia kwa upole. Alikuwa msichana mdogo. Nikasimama kwenye korido na mume wangu, tukisikiliza mama akiguna.

"Ungekuwa huko ndani," mume wangu akasema polepole.

Nilimshika mkono, kwa sababu niliona majuto machoni pake.

Mama alipata nafuu, nikamrudisha Muthetheni. Jioni ile alinipa pakiti ya dawa, akaniuliza zinafanya nini mwilini. Niliigeuza huku na huku, nikamsomea yaliyoandikwa juu yake, neno kwa neno. Hayo tu ndiyo niliyoweza.