Hatua ishirini za Mama Vikaratasi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kengele bado haijagongwa. Mwalimu wa darasa la nne amepiga magoti nyuma ya stoo ya shule, anaficha kibiriti chenye mbegu saba za maharage chini ya jiwe. Anarudi bombani huku akihesabu hatua. Ishirini. Anaandika kwenye karatasi.

Walimu wenzake wanamwita Mama Vikaratasi, na si wote wanaomsifu kwa jina hilo. Kila Ijumaa anaficha karatasi sita uwanjani. Kila moja ina swali, na jibu lake ndilo linaloonyesha pa kwenda. Ya kwanza huwa hesabu, ya pili Kiswahili, ya tatu jiografia, hadi sayansi.

“Wanafunzi ni hamsini na wanane, vitabu vya sayansi kumi na kimoja,” anasema. “Hapo unafundishaje? Uwanja ndio kitabu pekee ambacho hawakigombanii.”

Maswali anayaandikia nyumbani, kwenye meza ya kulia, mbele ya mama mkwe wake aliyeishia darasa hilohilo la nne.

“Mama akikwama, najua nimeandika vibaya. Tena hanifichi. Ananiambia, ‘Mwanangu, hili hata wewe hulijui.’”

Ila la hatua ishirini mama mkwe hakulijaribu. Magoti yanamsumbua.

Na leo si siku ya kukosea. Mzazi mmoja amelalamika kwamba alimleta mwanawe shule asome, si kucheza kombolela. Darasa la tano nao wamechoshwa na kelele. Mwalimu mkuu amekuja kujionea mwenyewe, na amesema wazi kwamba asiporidhika, msako huu wa karatasi unakoma leo.

Saa tatu makundi matano yanatawanyika. Karatasi mbili za kwanza zinakwenda vizuri. Ya tatu inasema: kutoka bombani, tembeeni hatua ishirini kuelekea jua linakochomoza, mtafute chini ya jiwe.

Watoto wanahesabu kwa sauti. Kundi moja linaishia kwenye bustani ya maua, jingine mbele ya choo cha walimu. Hakuna aliyefika nyuma ya stoo. Wanaanza kushutumiana kwamba fulani hajui kuhesabu.

“Mwalimu, hawa wanasoma au wanapotea?” anauliza mwalimu mkuu, macho kwenye saa yake.

Mwalimu anaisoma upya karatasi yake. Baadaye anakiri: “Miaka mitatu ya kazi, naiona inazama mbele ya watoto wangu.”

Anayemwokoa ni msichana anayerudia darasa, ambaye ni nadra kunyoosha kidole. Anaitazama miguu ya mwalimu, kisha yake.

“Mwalimu, hatua zako ndefu. Sisi tungefikaje?”

Darasa zima linaangua kicheko, na mwalimu mkuu anacheka bila kupenda. Rula ya mita moja inaletwa. Hatua ya mwalimu ni sentimita themanini, ya msichana ni hamsini. Msichana anachuchumaa, anapiga hesabu mavumbini kwa kijiti, anafuta, anarudia. Mwishowe anainua kichwa.

“Thelathini na mbili.”

Safari hii anatembea yeye, wanahesabu wote hamsini na wanane, na kwenye hatua ya thelathini na mbili kuna jiwe. Kelele zinawaleta darasa la tano madirishani.

“Endelea hadi mwisho wa muhula,” anasema mwalimu mkuu akiondoka. “Lakini uwe unapima kwanza.”

Muhula mmoja, anasema Mama Vikaratasi, unamtosha. Ijumaa ijayo maswali atayatunga yule msichana.

“Mwaka jana alifeli hesabu mikononi mwangu. Kwenye ripoti niliandika hana uwezo, kwa mkono wangu huu, na mama yake akaisoma,” anasema. “Muhula ukiisha nitaandika nyingine. Na sitampa mtoto aipeleke. Nitaipeleka mwenyewe, nimwombe mama yake radhi.”