Kilo Zisizo Zake

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua maziwa nayaonja kabla ya kulipa, na mtu akinisalimu kwa uchangamfu mno najiuliza anataka nini. Labda ndiyo sababu nimedumu katika ukarani wa gharama. Kiwandani kwetu, nje kidogo ya mji wa Meru ukishapita Kinoru, kazi yangu ni kujua kila kilo ya njugu za makadamia inayotoka mlangoni imebeba ujira wa nani, na kiasi gani. Ujira wa mfagiaji na mlinzi naugawa juu ya mzigo wote. Lakini wanawake wa chumba cha kuchambua hulipwa kwa kilo, kwa hiyo ujira wao naufuata hadi kwenye kiini chenyewe. Hapo hapana pa kujificha, au ndivyo nilivyoamini.

Hukaa mezani na mabeseni yao, nywele zimefungwa kwa neti, wakitenga viini vizima na vilivyovunjika, vyeupe na vilivyoharibika. Huzungumza Kimeru. Mimi ni wa Embu, na watu husema lugha zetu ni ndugu. Ni kweli, ila ni ndugu wa aina ile ambao hunyamaza ukiingia. Nilishika nusu ya maneno yao, na ile nusu nyingine ndiyo iliyonisumbua.

Basi mwezi mmoja, mwanamke wa meza ya mwisho, mjane aliyetoka Ruiri kila asubuhi, akaanza kupimiwa kilo karibu mara mbili ya wenzake. Meneja wetu, kijana aliyekuwa mgeni kiwandani, alifurahi kupita kiasi. Aliniita ofisini akasema kumbe wale wengine wanatutegea. Kama mmoja anaweza, wote wanaweza. Mjane awe kipimo, na bei ya kilo ishushwe mpaka atakayefikia kasi yake tu ndiye apate ujira wa siku kama wa zamani. Akaniagiza niandae hesabu ya bei mpya kabla ya mwezi kwisha.

Bei ile ikishuka, kuna nyumba ambazo chai ingenywewa bila sukari na watoto wangerudishwa kutoka shule kwa kukosa karo. Nilijua hivyo. Lakini kilichonikera kwanza hakikuwa huruma, zilikuwa zile kilo. Vidole ni vidole, na vya mjane yule vilikuwa vimeanza kukakamaa kwa umri.

Nilimshuku kwanza mpimaji, kwa kuwa yeye na mjane walisali kanisa moja, na kikulacho ki nguoni mwako. Nikasimama karibu na mzani siku nzima nikijifanya nakagua magunia. Mzani ulikuwa sawa. Nikashuku kwamba mjane anachanganya maganda, nikatumbukiza mkono ndani ya beseni lake mbele ya macho yake, bila haya. Viini vilikuwa safi. Aliniangalia tu, kisha akaendelea na kazi.

Basi nikajibanza kwenye dirisha la stoo muda mfupi kabla ya kupima. Mwanamke wa kwanza aliinuka kwenda kunawa, na alipompita mjane akammiminia viini kiasi cha bakuli. Wa pili naye akammiminia. Wa tatu alifanya hivyo huku akiendelea na hadithi yake. Hakuna aliyepepesa macho kama mwizi. Walikuwa kama watu walio shambani kwao.

Nilimvizia kwenye mabomba mama mmoja, mkubwa wa meza ile, nikamwambia nilichokiona. Hakukana. Alinieleza kwamba vijijini kwao wanawake hulimiana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako, na hapa waliamua kuchambuliana vivyo hivyo, kila mmoja mwezi wake. Mjane alipewa zamu ya kwanza kwa sababu binti yake alikuwa akienda chuo cha uuguzi. Mwezi uliofuata ungekuwa wa mama huyu mwenyewe, aliyetaka kubadilisha mabati ya nyumba. Haikuwapitia akilini kwamba meneja angetazama rundo la mmoja na kuona uvivu wa wengine.

Nikamweleza shida ilivyokuwa. Sheria ya kiwanda inasema anayepimisha kilo zake kwa namba ya mwingine anafukuzwa, na aliyepokea pia. Nikisema kweli, meza nzima itaondoka. Nikinyamaza, bei itashuka kwa kiwanda kizima. Aliniuliza nitafanya lipi. Niliona kwamba sasa yeye ndiye anayenishuku mimi.

Siku ya kutangaza bei mpya, meneja aliingia chumba cha kuchambua, mimi nyuma yake na hesabu yangu. Kabla hajafungua kinywa, mjane akasimama.

"Bosi, hizo kilo si zangu," alisema. "Hawa wamama wakienda choo, mimi huwa nachota kwa beseni zao. Hakuna mwenye alijua."

Meneja alinigeukia, akaniuliza kama nilikuwa na habari hiyo. Yule mama mkubwa alikuwa ameinamisha macho sakafuni. Nikasema ndiyo, nilimwona kwa macho yangu akichota.

Mjane alivua aproni, akaikunja vizuri, akatoka. Bei ya kilo haikuguswa.

Siku zile nilimsifu moyoni, hata nikamlilia. Baadaye shaka yangu ikaamka. Yeye alikuwa ameshakula mwezi wake. Wenzake hawakuipata zamu yao na hawataipata, maana hakuna aliyethubutu kuanza tena. Je, alijitoa kwa ajili yao, au alijua kwamba kilichombakia mezani pale ni deni tu? Nalichukia wazo hilo, lakini haliniondoki, na sidhani ni langu peke yangu. Siku hizi kila mwanamke akienda msalani hulifunika beseni lake kwa kitambaa na kukichomeka pembe zote. Mwanzoni nilidhani wanaigiza, ili meneja aendelee kuamini ule wizi. Meneja alishahama, na bado wanafunika.