Waliouliza Wakaondoka

Mara ya mwisho kufua shuka kwa mikono yako mwenyewe ilikuwa lini? Usinijibu haraka. Mimi, siku niliyosimama mbele ya wakubwa wa kiwanda chetu kuwaeleza watu wanataka sabuni ya namna gani, nilikuwa sijagusa beseni kwa miaka mitatu. Nilikuwa na shahada, nilikuwa na michoro ya rangi, na nilikuwa na uhakika. Mambo hayo matatu yakikutana katika kichwa kimoja, anayeumia huwa ni mtu mwingine.

Safari hii nusura awe Mama Daftari.

Jina hilo alipewa na wenye maduka. Ana miaka hamsini na miwili, na ishirini na mmoja kati ya hiyo ameimaliza akizunguka na sabuni zetu. Alianzia ndani ya kiwanda, upande wa kufunga makatoni. Siku moja muuzaji mmoja akaugua, naye akaambiwa amshikie zamu kwa wiki moja tu. Wiki hiyo haijaisha hadi leo. Mumewe ni mwashi, na hulalamika kwa utani kwamba mkewe anajua kila mwenye duka kaamkaje, ila yeye mume haulizwi.

Daftari lenyewe ni la shule, la mistari. Mauzo huyaandika kwenye fomu za ofisi kama wenzake. Katika daftari anaandika jambo jingine. Akiingia dukani, akishasalimia na kuulizia watoto, huuliza swali moja: nani alikuja akaulizia kitu, akaondoka bila? Jibu huliandika pale pale, amesimama. Dobi wa kona, alitaka nusu mche, miche imekwisha. Mama wa mapacha, alitaka kipande cha kufulia sare mbili tu, akakuta sabuni za pakiti. Wenye maduka wamemzoea, wengine humwekea majibu kama mtu anavyomwekea mgeni maji ya kunywa.

Ofisini tulimcheka. Mimi ndiye niliyesema kwamba hakuna kampuni inayopanga kesho yake kwa kusikiliza watu ambao hawakununua.

Sabuni yetu ni ya mche, ule mche mrefu ambao mwenye duka huukata kwa waya, vipande vya kila ukubwa. Jina la kiwanda hupigwa muhuri mara moja, katikati. Mche ukishakatwa, mteja mmoja anaondoka na herufi mbili, mwingine anaondoka na sabuni isiyo na jina. Nikaona hapa ndipo tunapopotea. Mpango wangu ulikuwa kuacha miche kabisa ifikapo mwisho wa mwezi, tutoe sabuni ya duara ya ukubwa mmoja, yenye manukato, imefungwa kwenye karatasi yenye jina letu. Ingeuzwa kwa jumla, kwa simu. Wauzaji wanne wa kuzunguka, Mama Daftari akiwa mmoja wao, wasingehitajika tena. Hilo la mwisho nililiandika kwa mstari mmoja, ukurasa wa kumi na tisa.

Tulikuwa tumeijaribu mwezi mzima katika mtaa mmoja. Makatoni sitini yalitoka, na halikurudi hata moja. Nikawaambia wakubwa kwamba mtaa umeipokea. Mkurugenzi, ambaye kiwanda alikirithi kwa baba yake, aliitikia kwa kichwa akasema atatia saini kesho yake alasiri.

Mama Daftari alikuwa amekaa karibu na mlango. Aliomba jambo moja tu: kabla ya saini, aazimwe Msomi kwa asubuhi moja. Msomi ndiye mimi. Mkurugenzi alicheka, akamwambia anichukue, ila anirudishe mzima.

Nilijiandaa kwa ugomvi. Yeye aliniuliza kama nimekunywa chai. Tulipokuwa tunavuka barabara nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza kwa nini hakusimama mbele ya wakubwa kutetea kazi yake.

"Nikitetea kazi yangu watanionea huruma," alisema. "Huruma haiuzi sabuni, mwanangu. Nataka waelewe."

Duka la kwanza, katika mtaa ule wa majaribio, lilikuwa la mzee mnene mwenye kalamu sikioni. Alinitazama kuanzia viatuni.

"Ndiye huyu mwenye sabuni ya duara?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sabuni yako nzuri sana. Haijawahi kunisumbua kutafuta chenji."

Kisha akainua kitambaa kilichoning'inia chini ya mizani yake. Mizani yake ilikuwa imekalia makatoni yangu mawili, gundi haijabanduliwa. Akanishukuru kwa dhati: zamani mizani ilikuwa chini mno, mgongo ukimuuma. Nilimuuliza mbona hakuyarudisha.

"Nimrudishie nani? Gari lenu linajua kushusha tu, kupandisha halijui."

Hapo ndipo nilipolielewa kosa langu. Nilikuwa nimehesabu kilichotoka kiwandani, nikakiita kilichonunuliwa. Mama Daftari alikuwa keshaaga anaelekea duka la pili.

Huko tuliketi kwenye benchi tukatazama. Mwanamke mmoja alipima kwa vidole viwili, waya ukapita hapo. Fundi cherehani alitaka wembamba wa kadi, wa kuchorea vitambaa. Dobi alitaka nusu, akaipima uzito kwa kiganja. Nilihesabu wateja kumi na mmoja, na waya ulipita sehemu kumi na moja tofauti. Kila mtu alikuwa amekuja na nguo zake kichwani. Msichana mmoja aliichukua sabuni yangu, akainusa, akatabasamu, kisha akairudisha mahali pake.

Mama Daftari alinipa penseli. "Huyo ni wako. Mwandike."

Nikaandika: aliinusa, akaipenda, akaondoka.

Alasiri, Mkurugenzi akiwa ameshafungua kalamu, Mama Daftari alisimama akasoma daftari lake kwa dakika kumi, bila utangulizi. Mtaa, siku, alichotaka mtu, akaondoka. Mtaa, siku, alichotaka mtu, akaondoka. Mwanzoni meneja wa uzalishaji alikuwa akichezea simu. Baadaye aliiweka mezani, kioo chini.

"Msomi hajakosea ugonjwa," alimalizia. "Amekosea dawa. Jina letu linapotea kweli. Basi muhuri usipigwe mara moja, upigwe mara kumi na mbili toka mwanzo wa mche hadi mwisho. Mwenye duka akate anapotaka, jina litatoka na kipande."

Nilisimama na mimi. Nikasema makatoni yangu sitini hayakuuzwa, yalishushwa, na kwamba naomba kuuondoa mpango wote, nikianzia ukurasa wa kumi na tisa.

Mkurugenzi alituangalia kwa zamu. "Kwa hiyo wewe uliyeniambia niruke ndiye unayenivuta shati." Hakukasirika, wala hakukubali. Alichukua mche mmoja na sabuni moja ya duara, akavitia kwenye mkoba wake, akasema jibu tutalipata kesho.

Asubuhi nilifika mapema. Mlinzi alinionyesha kwa kidevu tu upande wa uani, kwenye bomba ambalo wafanyakazi hunawia mikono. Mkurugenzi alikuwa ameinama juu ya beseni, mikono ya shati imekunjwa hadi juu ya viwiko, anafua shuka. Sabuni ya duara ilimponyoka, akaishika, ikamponyoka tena ikatumbukia mtaroni. Akauvuta mche, akakata kipande kirefu kwa waya, akakibana kiganjani na kuusugua ukingo wa shuka hadi povu likamfika kwenye saa. Fundi wa mitambo alikuwa amesimama pembeni ameshika muhuri wa zamani na futi ya kupimia.

"Mara kumi na mbili," Mkurugenzi alimwambia, bila kuinua kichwa. "Anza leo."

Mama Daftari alikuwa ameshafika. Aliiokota ile sabuni mtaroni, akaisuuza, akaiweka ukutani ikauke. Akamwelekeza mkubwa wake kwamba shuka hukunjwa kwanza ndipo lisuguliwe. Kisha akafungua daftari, akaandika mstari mmoja, akatoka getini kuanza mzunguko wake.