Maksai wa Mheshimiwa Lokuruka

Ukimtafuta Mheshimiwa Lokuruka mjini Lodwar usiulize ofisi, hana. Ulizia duka la nyavu karibu na daraja. Utamkuta nje, amekalia kigoda chake kidogo cha mti, fimbo magotini, akisikiliza redio. Ubunge ulimtoka mwaka wa 2017, lakini watu bado wanamwita Mheshimiwa, wengine kwa heshima, wengine kwa mazoea, na wachache kwa kejeli. Zamani aliwaitikia wote kwa sauti moja kubwa. Siku hizi huinua mkono tu, macho yakiwa chini.

Alizaliwa katika boma la wafugaji upande wa Nariokotome, akasomeshwa na mapadri, akawa karani wa chifu, kisha mwalimu, kisha mbunge kwa vipindi viwili. Tuseme ukweli, hakuwa mbunge mbaya. Alichimbisha visima ambavyo hadi leo vinatoa maji, na hakujijengea ghorofa Nairobi. Siku ya kwanza bungeni alikwenda na kigoda chake mkononi, walinzi wa lango wakamzuia, naye akakaa juu yake palepale nje mpaka wakachoka kumtazama. Picha ikatoka gazetini. Wazee wa jimbo lake walicheka mwezi mzima, wakasema sasa wamepata mtu.

Kazi aliyotumwa na wazee hao ilikuwa moja: kulinda mila. Kila mswada uliogusa ndoa, urithi au mabinti, Lokuruka alisimama kuupinga. Siku moja alitoa hotuba ambayo watu waliikariri kama sala. "Kwetu bila ng'ombe hakuna ndoa," alisema. "Bwana harusi asipoleta mifugo, na asipochoma maksai kwa mkuki katika boma la baba wa msichana, huyo msichana si mke wa mtu. Na mtoto akizaliwa ni wa babu yake." Redio iliirudia wiki nzima. Kipindi cha pili aliwania kwa fulana zilizoandikwa kifuani: Bila Ng'ombe Hakuna Ndoa.

Hotuba ya pili iliyompatia makofi ilihusu kambi ya Kakuma. Alitaka wakimbizi wasiruhusiwe kufuga ng'ombe, maana malisho hayakuwatosha hata wenyeji. Wapiga kura wake walimshangilia. Hakuna aliyeziweka hotuba hizo mbili pamoja, na mwenyewe hakuziweka, mpaka zilipokuja pamoja mlangoni kwake.

Zililetwa na Akai, bintiye pekee. Akai alikuwa akifundisha shule ya msingi kambini Kakuma, na huko akapendana na mwalimu mwenzake, Mabil, Mdinka kutoka Bor aliyefika Kenya akiwa mtoto. Mwanzoni mwa mwaka wa uchaguzi, Mabil alikuja Lodwar kuposa. Aliongozana na Wal, ndugu wa baba yake, mzee mrefu mwenye suti iliyomfupia mikono.

"Mheshimiwa, sisi pia ni watu ya ng'ombe," Wal alisema. "Tunajua hii maneno yako, hata kwetu ni hivyo. Lakini ng'ombe yetu iliibiwa Bor, na hapa Kakuma tumekatazwa kufuga. Ndugu zetu wako Australia, wametuma pesa. Kubali pesa sasa, ng'ombe itafuata."

Lokuruka alijua ni nani aliyewakatazia kufuga. Alijua pia kwamba uchaguzi ulikuwa miezi michache mbele, na kwamba fulana zilikuwa tayari kwa fundi. Akasema, "Mimi siuzi binti yangu kwa simu."

"Basi tupe muda."

"Muda mnao. Mkipata ng'ombe, mlango uko wazi."

Mabil aliinuka, akamwinamia mzee, akatoka. Akai alitoka naye, na kabla ya kufika langoni akageuka. "Apa," alisema, yaani baba, "ulitaka ng'ombe ama ulitaka kura?" Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Lokuruka alimfukuza binti yake.

Kura zenyewe hakuzipata. Kijana mmoja aliyeahidi barabara na mtandao alimshinda kwa mbali, na fulana zilizobaki Abei, mke wa Mheshimiwa, alizipasua akafanya matambara ya kupangusia meza. Mwaka huohuo Akai alijifungua msichana, Adau. Abei alikwenda Kakuma kumwona, akaendelea kwenda kila baada ya miezi michache, na kila aliporudi aliweka sufuria jikoni kwa kishindo bila kusema alikotoka. Lokuruka alijua. Alitamani sana kuuliza mtoto anafanana na nani. Hakuuliza. Mtu aliyesema jambo mbele ya nchi nzima huona aibu kulimeza mbele ya mke wake, na aibu hiyo ilimla miaka minane.

Mwaka jana Abei alirudi kutoka Kakuma, na safari hii alisema.

"Mabil anakufa. Figo. Hospitali wamemwambia arudi nyumbani. Akifa kabla ya maksai, Akai atabaki si mke, si mjane. Wewe ndiye ulisema."

Mzee aliinuka, akaenda zizini, akamchagua maksai wake mwenyewe, yule mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni, aliyekuwa akimwimbia, kama wafugaji wa kwao wafanyavyo, tangu akiwa ndama. Nani aliwahi kusikia baba akitoa ng'ombe wa kumwolea binti yake? Lakini Lokuruka hakukaa bungeni miaka kumi bure, njia aliipata. Mifugo mingine ingefuata baadaye; kwa sasa angempa Wal yule maksai kuwa zawadi. Wal akishampokea, ni wa Wal. Wal akimpa Mabil, ni wa Mabil. Boma la binamu wa Lokuruka, nje kidogo ya Kakuma, lingehesabiwa kuwa boma la baba wa msichana. Na Mabil angeuchoma mkuki, hata kama ni kwa kushikwa mkono. Alimpigia Wal simu siku hiyohiyo. Ilikuwa Jumamosi.

"Tunashukuru," Wal alisema. "Lakini leta mbio, Mheshimiwa."

Jirani yao Akal, mwanamke mwenye lori la kusafirisha mbuzi, alipita asubuhi ya Jumapili. "Pandisha ng'ombe," alisema. "Sitaki hata shilingi. Mchana mko Kakuma."

Lokuruka alimtazama kana kwamba ametukanwa. "Ng'ombe wa harusi hapandi lori. Anakuja na miguu yake, watu wamwone."

"Mzee, mgonjwa anangoja!" Abei alisema.

"Siku nne tu. Jumatano tutafika. Miaka yote hii nimewanyima, sasa niwape harusi nusu?"

Abei alipanda lori akaenda mbele. Mzee akashika kamba, na mchungaji wake wa siku nyingi akafuata nyuma. Hapo tusimlaumu sana. Alitaka kwa moyo wake wote kumpa binti yake kitu kamili. Lakini kulikuwa na jambo jingine alilolijua Abei na asilolijua mwenyewe. Lokuruka hajawahi kupita watu bila kuwasalimia.

Kwenye kituo cha kwanza cha biashara watu walimwona na maksai wake, wakamkimbilia kumsalimu. "Ejok, Mheshimiwa! Unaenda wapi na huyo maksai?" Miaka minane hakuna aliyemkimbilia hivyo. Alikalia kigoda, akaeleza habari za harusi, akaeleza mila, akapigiwa makofi, na jua likazama wakiwa bado hapo. Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu, kwenye kituo kikubwa zaidi, wazee walimchinjia mbuzi, wakamkalisha mahali pa mkubwa, wakamgawia nyama ya mkubwa. Kukataa kungekuwa tusi. Alikaa mpaka adhuhuri ya siku iliyofuata, yaani Jumatano yenyewe, akiwahesabia visima alivyowachimbia.

Abei alipiga simu. "Uko wapi?"

"Niko karibu."

"Karibu wapi?"

"Karibu, mama. Waambie wangoje. Harusi haikimbiliwi."

Simu ikakatika, au Abei aliikata.

Aliingia Kakuma Ijumaa, karibu saa nne asubuhi. Alikuwa amemfunga maksai kengele shingoni, na yeye amevaa unyoya wake wa mbuni kichwani, kama mzee anavyostahili siku ya kumwoza binti. Wal alikuja kumlaki njiani, peke yake, amevaa suti ileile.

"Tulikungoja Jumatano," Wal alisema.

"Njia, mzee mwenzangu. Watu walinishika."

"Mabil alikufa jana asubuhi. Jioni tukazika."

Lokuruka alivua unyoya. Hakujua pa kuuweka, akabaki ameushika.

Akai alikuwa ameketi nje ya nyumba ya jirani, pamoja na mama yake. Nywele zake zilikuwa palepale, hazijanyolewa. Alimsalimia baba yake kwa adabu zote, akamtolea maji ya kunywa, kisha akamwambia yaliyotokea bila kupandisha sauti. "Jumatano alisema nimvalishe shati nyeupe. Tukamtoa nje na kiti, aangalie barabara. Akasema, nitaisikia kengele kwanza. Alikaa mpaka jua likaingia."

"Na jana?"

"Jana shangazi zake waliuliza mjane ni nani, anyolewe. Wal alinyamaza. Hata kwao bila ng'ombe si ndoa, apa. Basi nikaja kukaa hapa na majirani."

Mzee alilia. Alilia waziwazi, mbele ya wanawake, jambo ambalo mila yake pia ilikataza. Alimgeukia Wal akamsihi: mtu mwingine wa ukoo achome mkuki kwa niaba ya marehemu, hata leo, hata sasa hivi. Wal alitikisa kichwa. Wa kuushika mkuki huo ni ndugu wa tumbo moja tu, na Mabil hakuwa naye aliye hai; na huyo maksai, Wal alisema kwa upole, hakuna mkono uliompokea Mabil akiwa hai.

Mtoto alitoka ndani ya nyumba na daftari la shule, akamtazama mgeni. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wa Lokuruka alikuwa na miaka minane na mapengo mawili mdomoni. Mzee alisoma jalada la daftari. Adau Lokuruka.

"Nani aliandika jina langu?"

"Mwalimu mkuu aliuliza jina la ukoo," Akai alisema. "Mabil alitaka kuandika lake. Mimi nikamwambia hapana, baba yangu amesema redioni mtoto ni wa babu yake. Nilifuata maneno yako. Kila kiangazi nilifikiri utakuja kumchukua wako, ama utume hata maziwa."

Miaka yote Lokuruka aliitetea sheria hiyo, na nusu yake iliyomdai yeye hakuitimiza hata siku moja.

"Shule ikifungwa, njoo umchukue," Akai aliendelea. "Atakuja, ni wako. Mimi nitabaki hapa. Mimi ndiye si wa mtu."

"Na maksai?"

"Rudi naye. Hana kazi hapa."

Adau alimpelekea yule maksai ndoo ya maji, akamshika baka jeupe la ubavuni, akauliza anaitwa nani. Babu yake alimwambia jina, kisha akalirudia.

Mchana lori la Akal lilipita likielekea Lodwar, tupu. Mzee alilisimamisha mwenyewe. Walimfungua maksai kengele, wakampandisha kwa ubao, naye akapanda bila shida. Walifika Lodwar kwa saa mbili na nusu.