Binti yangu na samasoti mbili za Kibirizi

Wakuu, habari za muda huu. Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Hii siyo chai, mtoto ni wangu na tuko naye hapa hapa Gungu.

Zawadi yuko darasa la tano. Alianza sarakasi na wenzake ufukweni Kibirizi, pembeni ya pale wanapoanika dagaa. Wamefukia tairi la lori nusu mchangani. Mtoto anakuja mbio, analikanyaga, linamrusha.

Akatokea kocha kijana, anaijua kazi, sitamsingizia. Akawaandaa kwa mashindano ya shule. Daraja lao wanatakiwa vitu vyepesi tu: kusimama kwa mikono, kujiviringisha, samasoti moja, basi.

Lakini ufukweni alikuwa anawaachia wapige mbili. Yaani mtoto anajigeuza mara mbili hewani ndipo atue.

Nikamfuata. "Kocha, hiyo mbili ya nini wakati haipo kwenye mashindano yao?"

Akacheka. "Mzee, ondoa hofu. Akiizoea mbili, hiyo moja ataipiga hata usingizini. Siku yenyewe hataigusa."

Na kweli mbili aliipata. Wachuuzi wa dagaa wanaacha kazi kumtazama. Wakamrekodi, klipu zikazunguka magrupu yote ya mji. Binti akawa staa.

Shida ndiyo hapo wakuu. Kocha alipanga asiifanye. Hakuna aliyewaambia watu wasiiombe.

Siku ikafika. Uwanja wa shule, udongo mkavu kama barabara, juu yake kagodoro kembamba, tairi la kumrusha hakuna. Zawadi akapiga moja yake, safi kabisa. Ameshamaliza, anatoka!

Kelele zikaanza upande wa watu wa Kibirizi: "Mbili! Mbili! Mbili!"

Akamtazama kocha. Kocha anapunga mikono, hapana, hapana. Mimi napiga kelele huku nyuma, nani atanisikia? Mtoto akawaangalia watu, akatabasamu, akakimbia.

Alitua kwa mgongo. Mama yake akapasua umati akilia kwa Kiha, "Mwana wanje! Mwana wanje!" Mwanangu, mwanangu.

Hospitali tumezunguka weee. Mikono inafanya kazi. Miguu, daktari kasema tusidanganyane.

Nilikwenda na sululu nikaling'oa lile tairi, nikaliburuta mpaka nyumbani. Haikupita wiki wakafukia jingine.

Leo natoka kazini nasikia kicheko barazani. Cha Zawadi! Tangu siku ile sijawahi kukisikia. Nachungulia, vitoto vya ufukweni vimemzunguka kwenye mkeka wake.

"Usiachie magoti mapema," anawaambia, anaonyesha kwa mikono. "Ukiachia mapema hufiki mbili."

Nilikuwa na maneno yote ya kuwafukuza mdomoni. Nikazungukia mlango wa nyuma.

Nilichojifunza, wazazi wenzangu: mtoto akishaweza jambo linalomzidi, halimilikiwi tena na kocha wala na wewe. Ni la kila mwenye simu na mdomo. Msidanganywe na "ni mazoezi tu".

Wale watoto wamemuaga kwamba kesho wanarudi. Mwenye "pole mkuu" tupu apite tu, nimezisikia za kutosha. Niambieni kitu kimoja: niwafukuze?