Maombi Chini ya Kiota

Mimi si mtu wa kutulia. Hata chai nainywa nimesimama. Kwa hiyo nilicheka siku jirani yangu wa Alby, mtaa wetu huku Uswidi, bibi mmoja Mswidi aliyestaafu, aliponiomba nimsaidie kulinda kiota cha tai. Tai hao wenye mkia mweupe waliwahi kukaribia kuisha, kwa sababu ya sumu iliyojaa kwenye samaki. Mayai yalikuwa hayaanguliki. Miaka hiyo ya elfu mbili walikuwa wanarudi, na sisi tulikiangalia kiota chetu kwa mbali. Sharti lilikuwa moja: usimwambie mtu kiko wapi. Sikumwambia hata mama.

Jumamosi moja ya Machi nilikuwa peke yangu na darubini ng'ambo ya ghuba ya ziwa, miguu imekufa ganzi, nikasikia haleluya. Wamama wa kanisa letu! Kule Kongo walizoea kupanda mlimani kuomba kwa sauti. Huku majirani wa ghorofani hulalamika, basi huenda msituni. Katika misitu yote hiyo wakachagua mwamba ulio chini ya msonobari wenye kiota chetu. Mama alikuwa mbele, akipiga makofi.

Tai akaruka, akaacha mayai. Ziwa lilikuwa bado na barafu. Nilizunguka ghuba mbio, nimewakasirikia wote.

"Mama, mutoke hapa!"

"Weye! Tunaombea kaka yako apate karatasi za kuja, na unatufukuza?"

Kaka alibaki Bukavu tulipokimbia vita. Nikaonyesha juu. "Ile ndege iko na mayai. Ikikawia, baridi itayaua."

Mama akatazama juu, akakata wimbo katikati. Aliwaondoa wenzake, kisha akanifuata hadi kwenye darubini. Tai alizunguka, akatua kwenye mti wa mbali, akaruka tena. Mimi nilitembea huku na huku nikinung'unika. Mama hakutikisika, jicho kwenye kioo, akinong'ona, "Rudi, mama. Rudi."

Tai alipotua juu ya mayai niliruka kwa furaha. Mama aliendelea kutazama, machozi yakimtoka.

"Yeye tulimufukuza, na amerudi," alisema. "Mimi nilikimbia, sikurudi."

Nilimmiminia chai. Yangu niliinywa nimekaa, karibu naye.