Raba Mkononi

Mwanzo wa miaka ya tisini niliuza viatu vya mtumba karibu na feri, upande wa Likoni, na kazi hiyo ilinifunza kutoamini kitu mpaka nimekihesabu mara mbili. Marobota ya viatu vile yalikuwa na ucheshi wake. Unaona jozi safi, unashukuru Mungu, ukizitazama vizuri ni kushoto na kushoto.

Kukimbia nilianza kama ninavyoanza kununua: kwa kudharau. Nilikwenda hadi mtaa wa Shika Adabu na kurudi, nikasema si kitu. Wiki iliyofuata nikaenda mbali zaidi. Mwili ukataja bei yake, nami nikataja yangu, tukakutana njiani. Baada ya mwaka mmoja nikawa na jambo ambalo sikumwambia mtu sokoni, maana wangenicheka mpaka wateja waondoke. Nilitaka kutoka Timbwani, mtaani kwetu, hadi Kwale, kule juu mlimani, na kurudi, kwa njia za mashambani, siku moja, nikikimbia njia nzima bila kutembea hata kidogo. Hapakuwa na zawadi wala mtu wa kumshinda. Nilitaka tu kujua bei ya mwisho ya mwili huu, kwa sababu kila mwenye mali huificha, na wangu ulikuwa umenificha miaka thelathini.

Mama yangu ndiye aliyejua, kwa kuwa nilikaa kwake.

"Wamkimbia nani?" aliniuliza.

"Simkimbii mtu, mama."

"Basi nani akukimbizaye?"

"Hakuna."

Akaendelea kupepeta mchele. "Mwanangu, mtu mzima akikimbia bila sababu, watu humtafutia sababu."

Hofu yangu ilikuwa hiyo hiyo, naye aliijua. Siku zile, upande wetu ule, mtu mzima akikimbia ama kachelewa feri au kaiba. Nilikwisha kuona mtu akiitiwa mwizi kwa ajili ya suruali iliyoanikwa. Neno lilianza kwa mwanamke mmoja, likapita vichochoro vitatu, na lilipofika kwetu kibandani tayari lilikuwa na mawe. Nilifunga kibanda nikaenda nyumbani. Yaliyobaki sitayaeleza. Ila tangu hapo, kila nilipokimbia karibu na nyumba, shingo yangu ilisikiliza nyuma.

Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu. Ninakaribia mji wa watu, nasalimu kwa sauti kabla hawajaniona vizuri. "Asalaam alaykum! Habari za asubuhi! Shikamoo bibi!" Salamu moja inakula pumzi ya hatua kumi, lakini mwizi hasalimu, na hiyo ndiyo iliyokuwa bima yangu.

Siku yenyewe niliswali alfajiri Timbwani, nikavaa kaptula, fulana, na raba nilizochagua kwenye robota mwenyewe kabla ya mteja yeyote kuziona. Nyeupe, soli nene, karibu mpya. Upande wa kidole gumba nilikuwa nimezikata kwa kisu ili kucha ipumue. Iliniuma kuzikata. Zingekuwa za mteja ningemwambia ndivyo zilivyotengenezwa Ulaya.

Nilitoka vizuri. Umande ulikuwa bado kwenye mihogo, miguu haikulalamika. Nilikuwa nimekwenda zaidi ya saa moja nilipofika kwenye kijito chenye mikoko, ambacho siku zote nilikivuka kikiwa kikavu. Siku hiyo maji yalikuwa yamejaa mpaka magotini, na chini yake tope jeusi linalovuta. Nikafanya kama ambavyo muuza viatu yeyote angefanya. Nikavua raba, nikazishika mkononi, nikavuka.

Ng'ambo, miguu ilikuwa imepakwa tope mpaka magotini. Nikajiambia: ukizivaa sasa, zimekwisha. Kimbia peku kidogo, tope likauke, ulipukute, ndipo uvae. Niliona ni akili. Nikaendelea kukimbia, raba mkononi, nimezifumbata kifuani zisining'inie.

Njia ile inapita nyuma ya msikiti wa kijiji kimoja, jina lake nitalihifadhi. Ilikuwa siku ya mapumziko, na watu walikuwa wamekaa baada ya alfajiri kusoma, kisha wakatawanyika mmoja mmoja. Mimi nikatokea pembeni ya ukuta mbio, peku, nimekumbatia viatu, wakati ule ule ambapo bwana mmoja mnene wa kanzu alikuwa amesimama kwenye ngazi akitazama sakafu na kusema, "Viatu vyangu viko wapi?"

Aliinua kichwa, akaniona.

Mdomo wangu ulikuwa umejiandaa kusema asalaam alaykum. Haukusema. Yeye ndiye aliyesema.

"Mwiziii!"

Nilikimbia. Miguu haikuniuliza. Na naapa, wallahi, nilikuwa na uwezo wa kuwaacha wote, kwani nilikuwa na mwaka mzima wa mazoezi, na nyuma yangu walikuwa watu wa kanzu na kandambili. Nilikwisha kuwaacha mbali. Ndipo nikasikia mbele yangu, upande wa shambani, sauti ya mwanamke ikiitika: "Mwizi! Wapi? Wapi?" Na mbele zaidi, sauti nyingine. Neno lilikuwa limenipita, nalo halichoki.

Nikapiga hesabu mara moja, kisha mara ya pili, na jibu lilikuwa baya mara zote mbili. Mbele kuna mapanga ya kukatia nazi. Nyuma kuna watu waliotoka kusoma dini. Nikasimama. Nikageuka. Kisha nikaketi chini, katikati ya njia, raba mapajani, mikono juu ya kichwa.

Kuketi kule ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kuufanyisha mwili huu. Kila msuli ulikuwa unaniambia inuka. Nilikuwa nimeanza kujikojolea kidogo. Nalisema kwa sababu ni kweli.

Wa kwanza kufika alikuwa mtu mrefu mwenye fimbo. Alinipiga moja begani, lakini ya pili ilimshinda. Nadhani hakuwahi kumpiga mwizi aliyeketi.

"Inuka!"

"Siinuki, kaka yangu. Nimeketi."

Wakanizunguka. Kisha mmoja wao akainama, akanitazama usoni, akasema, "Huyu namjua! Yuko pale feri!"

Nikasema moyoni, alhamdulillahi, nimeokoka.

"Anauza viatu!"

Niliona nyuso zile zinapiga hesabu, na safari hii wao ndio walioipata sawa.

"Aa, kumbe!" mtu wa fimbo akasema. "Ndiyo duka lako hili? Msikitini?"

"Waja kununua kwa jumla," mwingine akasema, na wakacheka, na kicheko kile kiliniogofya kuliko fimbo.

Yule bwana mnene akafika akihema. Wakamwonyesha raba. "Ndizo?"

Akazitazama. Nilimwona anasita, alikuwa na hasira, na raba zilikuwa nzuri. "Zangu ni makubadhi ya ngozi," alisema mwishowe, "lakini hizi ni za nani?"

"Zangu," nikasema.

"Mbona hukuzivaa?"

"Nisizichafue."

Hata mimi niliposikia jibu lile, niliona halifai. Mtu wa fimbo akainua mkono tena. Hapo nikafanya kile ninachokijua. Nikaanza kupatana.

"Ndugu zangu, fimbo ipo, nami nipo. Sitakwenda popote. Nirudisheni pale ngazini. Kila aliyekuwa msikitini avae chake. Mkimaliza, mhesabu viatu na mhesabu watu. Kikikosekana kimoja, mimi ni wenu."

Wakatazamana. Nilijua nimewauzia kitu ambacho sikuwa nacho. Kama kweli kuna mwizi aliyepita kabla yangu, nilikuwa nimejihukumu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Walinishika kanda mbili za fulana, wakanirudisha. Niliketishwa kwenye ngazi. Waliobaki ndani wakaitwa nje, nao wakavaa taratibu mno, kama watu wasiojua kwamba shingo ya mtu iko kwenye vidole vyao. Mzee mmoja alikuwa na viatu vya kamba, akazifunga, akazifungua, akazifunga upya. Mimi nilihesabu miguu. Kila jozi iliyopata mwenyewe, ngazi ilibaki tupu zaidi, na moyo ukashuka.

Mwisho akabaki bwana mnene, peku. Na kwenye pembe ya ngazi, kando ya nguzo, ikabaki jozi moja ya makubadhi, kuukuu, mkanda umeshonwa kwa uzi wa nailoni.

"Hizi za nani?" nikauliza.

Kila mmoja akatazama miguu yake.

"Hesabuni tena, tafadhali."

Wakahesabu tena. Mtu mmoja peku, jozi moja haina mwenyewe. Mtu wa fimbo akaishusha. "Mtu kavaa za mwenzake," alisema, kwa huzuni kidogo.

"Shemeji yangu!" bwana mnene akapiga kelele. "Mwenye kushona kwa nailoni ni yeye! Hata harusini alifanya hivi hivi!" Akaniacha pale pale, akaanza kumlaani shemeji yake aliyekwisha kwenda zake.

Waliniletea maji ya kunawa miguu. Mtu wa fimbo ndiye aliyemimina.

"Waenda wapi hasa?"

"Kwale."

"Kuna nini Kwale?"

"Hakuna. Nafika, narudi."

Akaniangalia, akawaangalia wenzake. Nilimwona anaifikiria fimbo upya. "Haya, vaa viatu," alisema. "Nitakusindikiza."

Akasindikiza kwa kukimbia, kanzu ameikunja kiunoni, akipaza sauti kila mji: "Huyu si mwizi! Nilishamuuliza!" Lilikuwa tangazo ambalo mtu yeyote angependa lisitangazwe, lakini mapanga yalibaki kwenye nazi. Kijiji cha tatu alisimama, akaegemea fimbo, akaniaga kwa mkono bila kusema, pumzi haikumruhusu.

Nilipanda mpaka Kwale peke yangu, nikagusa ukuta wa duka la kwanza, nikageuka. Sikuona mandhari. Niliona tu kila mtu aliyeinua kichwa. Kurudi nilipita barabara kubwa, mbali na kijiji kile, ingawa ni ndefu na malori yake hayana huruma. Mapaja yalikuwa yametaja bei yake ya mwisho, lakini yaliendelea, na jua lilipoanza kuinama nikaziona nyumba za kwanza za Likoni. Ukiacha kijito na zile hatua za kurudishwa msikitini, sikuwa nimetembea hata kidogo, na nguvu ya kumalizia nilikuwa nayo. Nilijipima mara mbili, ilikuwepo.

Kisha nikawaona watu wamekaa vibarazani, wengi, wamegeukia barabarani.

Nikaanza kutembea.

Nilitembea mpaka mlangoni, nikiwasalimu mmoja mmoja, na hakuna aliyejua nilikotoka.